Imezima, imeganda au imekwama? Kuisoma mashine ya Linux yenye memori kubwa

Ukimpigia fundi wa kompyuta hapa Mwanza, uwe Igoma, Nyegezi au pale Makoroboi, neno la kwanza litakalokutoka ni "imestaki". Skrini ni nyeusi, imestaki. Kipanya hakisogei, imestaki. Programu imejifunga katikati ya kazi, imestaki. Kwa kompyuta ya kuandikia barua neno hilo linatosha, maana dawa huwa ni moja: zima, washa, endelea. Kwa mashine ya kazi nzito, yenye GB 128 za memori, kadi kubwa ya grafiki na mfumo endeshi wa Linux ndani yake, neno hilo ndilo mwanzo wa mateso. Linafunika magonjwa yasiyo na undugu, na anayeyatibu kama ugonjwa mmoja atazunguka mwezi mzima bila kuona nafuu.

Nililiona hilo kwenye ofisi moja ndogo inayotazama Ghuba ya Mwanza. Vijana wa pale hufuatilia magugu maji. Huchukua picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo nukta yake moja ni eneo la mita 10 kwa 10, huziunganisha na picha wanazopiga kwa droni kando ya ufukwe, kisha huchora ramani ya mahali zulia la kijani lilikohamia. Kuunganisha maelfu ya picha kunakunywa memori kama ng'ombe aliyerudi malishoni wakati wa kiangazi. Mashine yao ilianza na vijiti viwili vya memori vya GB 32, ikafanya kazi mwaka mzima bila kelele. Wakaongeza viwili vingine vya aina ileile. Tangu hapo hazikupita siku tatu bila "kustaki". Nilipofika walikuwa wameshasimika Linux upya mara tatu na kubadili toleo la keneli mara nyingi zaidi ya hapo. Mmoja wao aliniambia kwa masikitiko, "Kaka, hii Linux haifai kwa kazi kubwa."

Keneli ni kiini cha mfumo. Ndiyo inayogawa memori, inayopanga programu ipi ipate zamu kwenye prosesa, na inayoongea na vifaa kupitia draiva. Kwa kuwa imekaa katikati ya kila kitu, kila msiba huonekana umetokea nyumbani kwake. Mara nyingi yenyewe ndiyo iliyoleta habari ya msiba tu.

Kitu cha kwanza nilichowaomba ni kuliacha neno "imestaki". Nikawapa daftari, kila tukio liandikwe kwa kitenzi chake, pamoja na saa, kazi iliyokuwa ikiendelea, na kama umeme ulikuwa umekatika siku hiyo. "Imezima" ni pale umeme unapopotea ndani ya mashine: feni zinanyamaza, au mashine inajiwasha upya bila kuaga. "Imeganda" ni pale feni zinapozunguka, skrini imetulia kama picha ya ukutani, na ukiipigia kwa amri ya `ping` kutoka kompyuta nyingine haijibu. "Imekwama" ni pale inapoonekana imekufa lakini kompyuta ya pembeni bado inapata jibu, au ukisubiri dakika kumi inarudi yenyewe.

Hiyo `ping` kutoka kompyuta ya pili ndiyo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na nashangaa ni wachache wanaokitumia. Mashine ikijibu, keneli iko hai. Ukiweza pia kuingia kwa `ssh`, yaani kuiamuru kutoka kompyuta nyingine, basi kilichokufa ni skrini yako tu, na macho yote yaelekee kwenye draiva ya kadi ya grafiki. Isipojibu chochote, umeingia eneo la vifaa vyenyewe au keneli iliyosimama kabisa.

Baada ya tukio, mashine ikishawaka, soma maneno yake ya mwisho kwa `journalctl -k -b -1`, yaani ujumbe wa keneli wa safari iliyopita. Hakikisha mapema kwamba kuna folda ya `/var/log/journal`, la sivyo kwenye mifumo mingine kumbukumbu hizo hukaa kwenye memori na kupotea mashine inapozima. Mashine inayoganda ghafla haipati hata nafasi ya kuandika diskini. Hapo kuna `netconsole`, ambayo hutuma ujumbe wa keneli moja kwa moja kwenye kompyuta nyingine kupitia waya wa mtandao. Tuliunganisha kompyuta kuukuu ya mapajani kwa kazi hiyo, ikakaa mezani wiki mbili ikisikiliza.

Daftari lilipojaa kurasa mbili, vitenzi vyote vitatu vilikuwemo. Hapo ndipo fundo lilipoanza kulegea: mashine ilikuwa na maradhi matatu kwa wakati mmoja. Kila walipotibu moja, jingine lilijitokeza kesho yake, wakaamini dawa imeshindwa.

Kuzima nitakumaliza haraka, maana hakuna fumbo kubwa. Ni nadra sana kosa la keneli kunyamazisha feni. Mashine ikizima palepale inapoanza kazi nzito, tazama pawasaplai, joto na umeme wa ukutani. Kadi kubwa za grafiki huvuta umeme kwa mikupuo mifupi inayozidi sana wastani wake, na pawasaplai iliyochoka hujifunga kujilinda. Kwetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya kigeni haviligusi. Wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi hufuata taa usiku. Ofisi ile iliacha mashine ikifanya kazi hadi asubuhi, taa imewashwa na dirisha limefunguliwa kwa ajili ya hewa. Nilipofungua pawasaplai, matundu yake yalikuwa yamezibwa na tabaka la mabawa na vumbi, gumu kama udongo wa kichuguu. Tukaibadilisha, tukaweka chandarua kwenye dirisha, tukaongeza UPS yenye stabilaiza. Kitenzi "imezima" hakikuandikwa tena.

Kuganda ndiko kulikowafanya wailaumu Linux, na hapa inafaa tukae.

Memori ya GB 128 ina vyumba zaidi ya trilioni moja, kila kimoja kikihifadhi biti moja. Mvuvi anajua kwamba wavu wa mita 200 una mafundo mengi zaidi ya kukatika kuliko wavu wa mita 20, hata ukiwa wa uzi uleule. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya memori hupata angalau kosa moja kwa mwaka. Ukiongeza vijiti, unaongeza nafasi ya kosa. Hilo ni la kwanza, na ni dogo.

Kubwa zaidi ni kwamba vijiti vinne havifanyi kazi kama viwili mara mbili. Kwenye mazabodi (bodi kuu) nyingi za mezani kuna njia mbili tu za memori. Vijiti viwili, kila kimoja kina njia yake. Vijiti vinne, kila njia inabeba viwili, na mawimbi ya umeme yanayosafiri kwa kasi hiyo huanza kurudishana na kuchafuana. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe hushusha kasi. Prosesa za AMD Ryzen za mfululizo wa 7000, kwa mfano, zimeidhinishwa kwa DDR5-5200 (DDR5 ni aina ya memori, namba ni kasi yake) ukiwa na vijiti viwili, lakini DDR5-3600 tu ukiwa na vinne. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya sifa za prosesa, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Anachokiona yeye ni namba kubwa iliyochapwa kwenye kijiti: 6000.

Namba ile ni ya XMP au EXPO, mipangilio unayoiwasha kwenye BIOS, programu ya bodi inayoanza kabla ya Linux, ili memori ikimbie kupita kasi ya kawaida. Vijana wale walikuwa wameiwasha siku ya kwanza, na kwa vijiti viwili ilikubali. Walipoongeza viwili, mipangilio ikabaki ileile. Mashine iliwaka vizuri, ikafungua kivinjari vizuri, ikacheza video vizuri. Ilianza kupotea njia pale tu kazi ilipoifikia GB ya 70 na kuendelea, maana ndipo vyumba vile vilipoguswa kwa wingi na kwa kasi. Kwa hiyo kuganda kulikuja na kazi kubwa tu, na mtu yeyote angedhani programu ya picha ndiyo mbovu.

Kuna kanuni moja ninayoitegemea kuliko vifaa vyote vya kupimia. Kosa la programu hurudi palepale. Kosa la kifaa hutangatanga. Keneli ikianguka mara tano na kila mara ikataja draiva ileile na mstari uleule, mlaumu mwandishi wa draiva. Ikianguka mara tano na kutaja sehemu tano tofauti, leo mfumo wa mafaili, kesho mtandao, keshokutwa kitu kisichoeleweka kabisa, basi sakafu yenyewe inatikisika. Njia ya zamani ya kuipima kanuni hii ni kuijenga keneli yenyewe kutoka kwenye msimbo wake, mara kadhaa mfululizo, kwa kutumia prosesa zote. Kazi ni ileile, kwa hiyo matokeo yapaswa kuwa yaleyale. Ikifeli kila mara mahali tofauti, huna haja ya kusoma msimbo wa mtu.

Baada ya hapo endesha Memtest86+, programu ya kupima memori, usiku kucha, bila Linux. Kwa GB 128 duru moja ni ya saa nyingi, na duru moja haitoshi. Ikionyesha kosa hata moja, amini. Isipoonyesha, usiitangazie memori kwamba haina hatia, kwa sababu wakati wa kipimo hicho kadi ya grafiki imelala na joto ndani ya boksi ni dogo. Ndiyo maana nafuatisha `stress-ng`, programu ya kuilemea mashine kwa makusudi, ndani ya Linux, huku kadi ya grafiki nayo ikipewa kazi.

Kwenye ofisi ile Memtest86+ ilitoa makosa kwa kasi ya EXPO, ikakaa kimya kwa kasi ya 3600. Tukaishusha. Kazi yao ya kuunganisha picha ikawa polepole kidogo, na mashine haikuganda tena. Kama kosa lingebaki kwenye chumba kilekile hata kwa kasi ndogo, kijiti hicho kingekuwa kibovu. Na kama kijiti kipya kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam, unaweza kuiambia keneli iruke eneo lile kwa kigezo cha `memmap` wakati wa kuwaka, ukaendelea na kazi.

Msomaji mwenye prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 au 14 aongeze jambo moja kwenye uchunguzi wake. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikipokea volti iliyozidi, na ikatoa marekebisho yanayokuja kupitia BIOS. Marekebisho hayo yanakinga; hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Prosesa ya namna hiyo hutoa dalili zinazofanana kabisa na memori mbovu.

Sasa kukwama, ambako mashine haina ubovu wowote.

Walisema hivi: "Tukihamisha picha za droni kwenda kwenye diski ya nje, mwanzoni inakwenda kama upepo, halafu kila kitu kinasimama." Kwenye logi, yaani zile kumbukumbu za keneli, kulikuwa na mstari ambao wengi mmeuona: "blocked for more than 120 seconds". Walidhani diski inakufa. Diski ilikuwa nzima, ila ya kawaida, ikiandika kama MB 30 kwa sekunde.

Programu inapoandika faili, Linux haiipeleki diskini papo hapo. Huipokea kwenye memori, huiambia programu "nimepokea", kisha huipakua taratibu. Fikiria ghala pale Mwaloni Kirumba. Mitumbwi inashusha dagaa, ghala linapokea, na lori moja linapakia na kuondoka. Ghala likiwa dogo, msururu wa mitumbwi unajitokeza mapema na kila mtu anaona lori ni moja. Ghala likiwa kubwa kama uwanja, mitumbwi inashusha bila kungoja tangu alfajiri, wote wanafurahi, hadi ghala linapojaa hadi mlangoni. Hapo kila mtumbwi unasimama, hata ule uliokuja na kikapu kimoja.

Ukubwa wa ghala hili hupangwa kwa asilimia, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kwa kawaida `vm.dirty_ratio` ni 20: data inayosubiri kuandikwa ikifika asilimia 20 ya memori inayoweza kutumika, programu zinazoandika zinasimamishwa. Kwenye mashine ya GB 8 hiyo ni kama GB 1.6, na diski ya MB 30 kwa sekunde huimaliza kwa chini ya dakika moja. Kwenye mashine ya GB 128 ni kama GB 24, nayo inahitaji zaidi ya dakika 13. Asilimia ni ileile, tabia ni nyingine kabisa. Walipokuwa na GB 64 usumbufu ulikuwa nusu yake, wakauvumilia bila kuutambua.

Dawa ni kuacha asilimia na kutaja kiasi. Tuliandika kwenye faili moja ndani ya `/etc/sysctl.d/` mistari miwili: `vm.dirty_background_bytes=268435456` na `vm.dirty_bytes=1073741824`. Keneli ikaanza kupakua data ikifika MB 256, na kuwazuia waandishi ikifika GB 1. Nakiri kwamba napenda sana tiba ya namna hii: haikugharimu shilingi, na mtu aliyekuwa tayari kununua diski mpya akabaki na fedha zake.

Kuna ndugu yake kukwama anayechanganya watu: programu kupotea ghafla huku mashine nyingine yote ikiwa salama. Tafuta kwenye logi maneno "Out of memory: Killed process". Keneli ilipokosa memori kabisa ilichagua mlaji mkubwa ikamwondoa. Watu wenye GB 128 hawaamini kwamba zinaweza kuisha. Zinaisha. Angalia `/tmp` yako. Kwenye aina za Linux kama Fedora, na Debian tangu toleo la 13 la mwaka 2025, `/tmp` huwekwa ndani ya memori na inaweza kukua hadi nusu yake. Programu ya picha inayotupa mafaili yake ya muda pale inajila yenyewe mkia. Iambie itumie folda ya diskini, na uweke swapu ya kiasi, yaani sehemu ya diski ya kuisaidia memori. Aliyefuta swapu kwa kuwa "memori ni nyingi" ameondoa nafasi ya kupumulia.

Na usitafute GB mbili zilizopotea kwenye hesabu ya `free`, amri ya kuonyesha memori. Linux hukata memori katika kurasa za KB 4, na kila ukurasa una kumbukumbu yake ya baiti 64. GB 128 ni kurasa zaidi ya milioni 33, kwa hiyo daftari la kurasa peke yake ni GB 2.

Nimechelewesha draiva kwa makusudi, kwa sababu zinapaswa kushtakiwa mwisho, baada ya umeme na memori kusafishwa jina. Lakini zipo zenye makosa ya kweli, na zipo ambazo kosa lake huonekana tu memori ikiwa kubwa.

Kifaa kama kadi ya mtandao au ya sauti husoma na kuandika memori chenyewe bila kupitia prosesa. Vifaa vya zamani vinajua anwani za biti 32 tu, yaani mwisho wa dunia yao ni GB 4. Ni kama bodaboda anayejua nyumba za upande mmoja tu wa Mto Mirongo. Mzigo wa ng'ambo ya pili lazima aushushe kwenye kibanda cha upande wake, kisha mtu mwingine auvushe. Keneli ina kibanda hicho, kwa kawaida cha MB 64, na kikijaa utaona ujumbe wenye neno `swiotlb`. Kuvusha huko kwenyewe ni salama, kunapunguza kasi tu; kibanda kikijaa ndipo kazi ya kifaa inaweza kushindwa. Hatari ni draiva inayomdanganya keneli kwamba bodaboda wake anaijua ng'ambo. Anapewa mzigo wa nyumba namba 17 ya kule, anaupeleka namba 17 ya huku, na kuharibu chakula cha mtu asiyehusika. Kwenye mashine ya GB 2 kosa hilo haliwezi kuonekana, kwa kuwa ng'ambo haipo.

Kulitambua ni rahisi. Washa mashine kwa kigezo cha `mem=4G`, ukiifunga macho isione memori ya juu. Kifaa kilichokuwa kikisumbua kikitulia kabisa, umeshamjua. Kisha hakikisha IOMMU imewashwa kwenye BIOS. Hiyo ni kama mjumbe wa nyumba kumi: hakuna kifaa kinachogusa memori bila anwani yake kukaguliwa, na anayekosea huzuiwa na kuandikwa jina. Kwenye logi za AMD utaona `IO_PAGE_FAULT`, za Intel utaona `DMAR`, pamoja na namba ya kifaa chenyewe. Watu wengi huiona ile mistari na kuzima IOMMU ili inyamaze. Tafadhali msifanye hivyo. Mnamfukuza mjumbe kwa kuwa amemtaja mwizi.

Kwa kadi za NVIDIA, tafuta kwenye logi neno "Xid" na namba inayolifuata. Xid 79 maana yake kadi imetoweka kwenye njia yake ya mawasiliano, na mara nyingi chanzo ni umeme, joto au kadi isiyokaa vizuri kwenye nafasi yake. Xid 31 ni kugusa anwani isiyoruhusiwa, na hapo mara nyingi ni programu. Kabla ya kusimika draiva upya, chomoa kadi, safisha meno yake, irudishe, na upeleke kila waya wa umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai. Skrini ikibaki nyeusi mara tu baada ya keneli kusasishwa, kawaida draiva ya nje, yaani isiyokuja na keneli yenyewe, haikujengwa upya kwa ajili ya keneli mpya. Washa ile ya zamani kwenye orodha ya kuanzia, kisha kagua `dkms status`, inayoorodhesha draiva za nje na keneli zilizojengewa.

Na keneli je, haikosei? Inakosea. Kila baada ya wiki tisa au kumi hutoka toleo jipya lenye mabadiliko zaidi ya 10,000, na baadhi huvunja kitu. Kwa mashine ya kazi mimi huchagua tawi la muda mrefu, linalopewa marekebisho kwa miaka, kama 6.12 la Novemba 2024, na kila mara naacha keneli moja niliyoithibitisha ikiwa imesimikwa. Kama ya zamani inafanya kazi na mpya haifanyi, kwenye vifaa vilevile, una ushahidi mzuri kuliko hisia yoyote. Kwa `git bisect` unaweza kukata safu ile ya mabadiliko katikati, tena katikati, na baada ya majaribio kama 14 ukamshika mwenye kosa. Kabla ya kuwaandikia wasimamizi wa keneli, soma `/proc/sys/kernel/tainted`. Ikiwa si 0, keneli yako ina alama, huenda kwa sababu ya draiva ya nje, na watakuomba urudie tukio bila draiva hiyo. Wana haki, maana hawawezi kukagua msimbo wasioupewa.

Nilisema vitenzi ni vitatu. Kipo cha nne ambacho hakikuandikwa kwenye daftari lile, kwa kuwa hakuna aliyekiona kikitokea: imedanganya.

Memori iliyoigandisha mashine mara kumi haikukosea mara kumi tu. Imekosea mara nyingi, na nyingi kati ya hizo biti iliyogeuka haikuangukia kwenye keneli bali kwenye picha. Mashine haikulalamika. Faili liliandikwa diskini likiwa na nukta zilizobadilika, na ramani ikachorwa juu yake. Hii ndiyo sababu ECC si anasa kwa mtu anayetoa takwimu ambazo wengine watazifanyia kazi. Memori ya ECC hubeba biti za ziada zinazorekebisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili, na Linux huhesabu makosa hayo waziwazi kupitia `rasdaemon`. Msidanganyike na maandishi kwamba DDR5 zote zina ECC ndani. Ile hulinda ndani ya chipu tu. Safari ya kutoka chipuni hadi kwenye prosesa haina mlinzi, na keneli haipati taarifa.

Vijana wale hawakuwa na ECC, lakini walikuwa na desturi moja nzuri: picha ghafi za droni zilibaki kwenye kadi za kumbukumbu hadi mwisho wa msimu. Tukatoa alama ya `sha256sum`, ambayo hubadilika faili likibadilika hata biti moja, kwa kila faili la kwenye kadi na kuilinganisha na nakala iliyopitia mashine. Zilizoingia kabla ya vijiti vipya zilifanana zote. Za baada yake, baadhi hazikufanana. Binti anayesimamia ramani alitazama orodha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo lile gugu tulilosema limefika Kamanga, huenda halikufika?" Sikuwa na jibu, na yeye hakulisubiri. Alifungua folda ya wiki ya kwanza baada ya vijiti kuongezwa, akafuta ramani zake zote, akaanza kuunganisha upya kwa kasi ya 3600. Siku niliyopita kuwasalimia walikuwa wamefikia picha za Ghuba ya Speke.